Mpako wa Chesisi: Somo kutoka Uvunguni mwa Land Rover Kuukuu

Ukimwuliza mtu yeyote gari kuukuu lipakwe rangi gani, atakujibu papo hapo: kijani, nyeupe, au ile rangi ya maziwa. Hilo ni jibu la mtu aliyesimama kando ya gari. Katika makala haya nakuomba ulale chali pamoja nami uvunguni, uitazame chesisi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba injini, bodi na watu, kisha ujiulize swali lile lile. Mlango ukiliwa na kutu utaingiza mvua, basi. Chesisi ikiliwa na kutu hukatika, na haichagui pa kukatikia. Huenda ikawa gereji, huenda ikawa mteremkoni gari likiwa limejaa watu.

Gari nitakalolitolea mfano ni Land Rover la mjomba wangu, aina ya Series III, lile refu la inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli. Limemzidi mama yangu umri. Kazi yake ni kubeba nazi, mihogo na makuti kutoka Kwale, kuvuka kwa feri ya Likoni na kufikisha mzigo soko la Kongowea. Sare hii ninayoivaa na pesa za chakula cha mchana shuleni hutoka humo humo. Kwa hivyo, likizo ya Desemba fundi alipogonga nyuma ya bano la springi na nyundo ikapenya chuma kana kwamba ni kadibodi, si mjomba peke yake aliyenyamaza. Gari likavuliwa bodi, ikabaki mifupa mitupu, nami nikapewa kazi ya kukwangua. Nilikwangua wiki tatu. Ndani ya wiki hizo nilisikiliza ubishi wa mafundi, nikauliza maswali mpaka nikaitwa "Bwana Kwa Nini", na jioni nikafungua kitabu cha kemia kuona nani alikuwa na haki.

Kwanza tuijue chesisi yenyewe. Land Rover la kwanza lilioneshwa kwa umma mjini Amsterdam mwaka 1948. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha juzi juzi tu, na chuma kilikuwa adimu Uingereza ilhali alumini ilipatikana kwa urahisi. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, nacho chuma kikawekwa pale ambapo hapana budi, hasa kwenye chesisi. Hata hiyo chesisi iliundwa kwa njia ya kimaskini: mabamba manne marefu yaliunganishwa pembeni kwa kuchomelewa, yakawa boksi lenye uwazi ndani. Bamba lenyewe lina unene wa milimita 2 hivi. Series III ziliundwa kuanzia 1971 hadi 1985, na baadhi ya zile tulizo nazo hapa nchini ziliunganishwa Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya, ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers.

Sasa shika neno hilo "boksi", maana makala yote yananing'inia hapo. Boksi lina nje na lina ndani. Rangi hupakwa nje, maji na tope huingia ndani kupitia matundu ya boli na ya nyaya. Chesisi ya mjomba ilikuwa nyeusi ti ti ti kwa nje, yang'aa kama kiatu cha askari, nayo ilikuwa imeoza kutoka ndani.

Kutu si uchafu unaokuja kutoka mahali fulani na kujibandika. Ni chuma chenyewe kimeungana na oksijeni mbele ya maji. Sote tulilifanya jaribio hili tulipokuwa kidato cha kwanza: msumari katika hewa kavu haukushika kutu, msumari katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta haukushika, ule uliopata maji na hewa pamoja ndio uliogeuka rangi ya machungwa. Ukitia chumvi, kutu huja mbio zaidi, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaotembea kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Mtazame basi huyu mzee wa Likoni. Mchana anarushiwa maji ya bahari kwenye gati, usiku analala katika hewa ya chumvi, na ndani ya boksi lake kuna tope la Kwale lisilokauka. Tena kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Mabamba mawili yaliyobanana yakianza kushika kutu katikati, hufutuka, na rangi iliyo juu hupasuka kama ganda la muhogo.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia. Pale ambapo alumini ya bodi inagusana na chuma cha chesisi, tulikuta unga mweupe kama chokaa. Huo ni ugonjwa wa alumini, si wa chuma. Metali mbili tofauti zikigusana mahali pa maji ya chumvi huwa kama betri, na iliyo tayari zaidi kutoa elektroni ndiyo inayoliwa. Dawa yake ni kuzitenganisha kwa rangi au kwa kipande cha mpira. Liweke akilini hili la metali moja kuliwa badala ya nyingine, kwani tutalihitaji tukifika kwenye zinki.

Mafundi wote niliowasikia walitofautiana juu ya rangi, lakini hakuna aliyepinga kwamba kazi kubwa ni kabla ya mkebe kufunguliwa. Tulianza kwa nyundo. Chuma kizima hulia "ting", kilichooza hulia "dob" kama dafu lililopasuka. Palipolia vibaya palichorwa alama ya chaki, pakakatwa, na fundi wa kuchomelea akatia kiraka cha bamba jipya. Halafu zikaja patasi, brashi ya waya na msasa. (Mwanachama mwenzangu, wajua kwamba msasa ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi ya dukani? Majani yake yanaparuza, na maseremala wa zamani waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ilipokuja, ikarithi jina.)

Kijana mmoja pale gereji alitushauri tukachote mchanga wa ufuoni tuupulize kwa kompresa, ati kazi ya wiki tatu iishe kwa siku moja. Ni kweli kwamba kupuliza chembe ngumu kwa nguvu ya hewa ndiko kunakosafisha chuma kuliko njia zote, lakini fundi mkuu alikataa katakata. "Mchanga wa bahari una chumvi," akasema. "Waipigilia chumvi ndani ya chuma kwa nguvu, halafu waifunika kwa rangi. Hapo umefanya nini?" Akaongeza kwamba hata mchanga wa mto ni hatari, kwani vumbi lake laini huingia mapafuni na kuleta makovu yasiyoponyeka. Wanaoifanya kazi hiyo ipasavyo hutumia chembe maalumu na barakoa yenye hewa yake. Sisi tulikuwa na leso.

Baada ya kukwangua, tuliosha. Mjomba hakupendezwa.

"Chuma tumekikausha wiki tatu, leo mwakimwagia maji tena?"

"Mzee, haya ni maji ya mfereji, yatakauka sasa hivi," fundi akamjibu kwa upole. "Chumvi haikauki ikaondoka. Itabaki pale."

Kemia inamuunga mkono fundi. Rangi, hata nzuri, si kioo. Hupitisha unyevu kidogo kidogo. Chumvi iliyofunikwa chini ya rangi huuvuta unyevu huo, maji yakajikusanya, na rangi ikainuka kama malengelenge ya aliyeungua. Basi tuliosha kwa maji matamu na sabuni, tukasuuza mara mbili, tukafuta kwa vitambaa. Saa nazo ni muhimu hapa Mombasa. Chuma kitupu kilichooshwa jioni huamka asubuhi kimeshavaa ukungu wa rangi ya machungwa. Watengenezaji wa rangi husema chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutonga. Hatukuwa na kipimo, ila tulijua jua letu: tuliosha saa nne asubuhi, tukaanza kupaka saa saba, na kabla ya magharibi brashi zikawekwa chini.

Tahadhari ndogo kabla sijafika kwenye rangi. Chesisi ina namba iliyogongwa juu yake, na namba hiyo ndiyo iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Ya mjomba iko mbele upande wa kulia, karibu na springi. Hapo hapasogelewi na mashine ya kusaga. Ni brashi laini, na rangi nyembamba ya kuweza kusomeka. Ukiifuta namba, huna gari tena, una kesi.

Haya, tufungue mikebe.

Wa kwanza kutetewa ulikuwa lami, ile mipako myeusi mizito ya uvunguni ambayo mafundi huiita andasili. Mjomba aliitaka hiyo. Ni rahisi, inafunika kila kitu kwa saa moja, na gari hutoka kama jipya. Nami nilipoanza kukwangua ndiyo niliyoikuta, tabaka juu ya tabaka, kazi ya miaka na miaka. Lami ikiwa mpya huzuia maji vizuri, hilo tusilikatae. Taabu ni kwamba ikipigwa na joto la ekzosi na ikazeeka, hukauka na kufanya nyufa nyembamba usizoziona. Maji huingia kwa ufa, na njia ya kutokea hawana. Nilikuwa nikiishika kwa koleo, nakivuta kipande kirefu kama gamba la nyoka, na chini yake chuma kimelowa katikati ya kiangazi! Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wakaguzi wa barabarani na mafundi wa kupita hawakuligundua lile tundu kwa miaka. Kilichofunikwa vizuri hakionekani kikifa. Kwa maoni yangu mimi, aliyekwangua, lami iliyopakwa juu ya kutu ni sanda.

Wa pili ni oili chafu ya injini. Wazee wengi huipaka kwa brashi kila mwaka, na ukweli ni kwamba kuna magari yaliyookolewa nayo, kwa sababu mafuta hupenya kwenye nyufa ambamo rangi haifiki. Lakini oili iliyokwisha kutumika ina asidi na uchafu wa kuungua, hulainisha mipira ya springi, hudondoka ardhini hadi kwenye visima, na ngozi ya binadamu haikuumbiwa kuishika kila siku. Imethibitika kwamba yaweza kuleta saratani. Mawazo ya mafuta ni mazuri, mafuta yenyewe ndiyo mabaya. Tutarudi hapo.

Kisha redoksaidi, ile praima nyekundu iliyopakwa karibu kila geti la mji huu. Watu wengi huiamini kwa kuwa ni nyekundu kama kutu na wakadhani kutu imeshatiwa adabu. Wekundu wake, kusema kweli, ni oksidi ya chuma, kutu iliyosagwa ikawa unga wa rangi. Haidhuru chochote, ila haiui kutu pia. Redoksaidi ya kawaida ni ya kushikia rangi ya juu. Ikiachwa peke yake hunywa unyevu. Tazama geti lolote lililopakwa hiyo tu likasahauliwa, utaniambia.

Zinki ndiyo iliyonisisimua zaidi, kwa kuwa inafanya jambo ambalo rangi nyingine haiwezi. Tazama mabati ya paa la nyumba. Mabati ni chuma kilichopakwa zinki. Ukilikwaruza bati kwa msumari, mkwaruzo haushiki kutu upesi, ijapokuwa chuma kimefunuliwa. Sababu ni ile ya alumini niliyokwambia: zinki iko tayari kutoa elektroni kuliko chuma, kwa hivyo huliwa yenyewe na kumwacha jirani yake. Rangi humkinga chuma kama mwavuli, zinki humfia.

Njia bora ya kuivisha chesisi zinki ni kuichovya nzima katika zinki iliyoyeyuka. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 419, na birika la kuchovyea huwekwa kwenye nyuzi 450 hivi. Hapo zinki huingia nje na ndani ya boksi, jambo ambalo brashi haiwezi kamwe. Waingereza walilijua hili tangu mwanzo, kwa maana yale Land Rover ya majaribio ya 1948 chesisi zake zilichovywa zinki, kabla ya kiwanda kurudia rangi. Kwa nini basi sisi hatukuchovya? Kwanza ni lazima chesisi nzima ioshwe kwa asidi mpaka chuma kitupu kionekane, na lami iliyobaki ndani ya boksi haitoki kwa asidi. Pili, boksi likifungwa bila matundu ya kutosha, hewa na maji yaliyonaswa hupanuka kwa joto lile yakalipuka. Tatu, bamba la milimita 2 lenye viraka vingi laweza kujipinda, na chesisi iliyopinda haiendi sawa tena. Na la nne ni mfuko. Baada ya kumlipa fundi wa kuchomelea, mjomba alibakiwa na shilingi 25,000, na ndani ya hizo kulikuwa na springi mbili za kununuliwa. Mwenye chesisi nzima isiyo na viraka na mwenye fedha, mimi ningemwambia achovye bila kusitasita.

Kuna pia rangi ya zinki ya mkebe. Wengi hununua yoyote iliyoandikwa zinki wakadhani wamepata mabati ya kupaka kwa brashi. Sivyo. Ili chembe za zinki zimfie chuma, lazima zigusane zenyewe kwa zenyewe na zikiguse chuma kitupu, la sivyo umeme haupiti. Kipimo cha kimataifa cha ISO 12944 chataka zinki iwe angalau asilimia 80 ya uzito wa rangi ikishakauka. Nacho chuma lazima kiwe kimepulizwa kikawa cheupe. Chetu kilikwanguliwa kwa mkono, na kwenye vishimo vidogo kutu ilibaki imejificha. Zinki juu ya kutu haigusi chochote cha kukifia. Tukaiacha dukani, japo roho iliniuma.

Nitapita haraka kwenye ile rangi ya unga inayookwa tanurini kwa nyuzi 180 hadi 200. Ni ngumu na inapendeza macho. Tangu mwaka 1970 huko Nairobi kumekuwa na yale mashindano ya magari maridadi, Concours d'Elegance, ambapo waamuzi huchungulia hata uvunguni. Gari la kwenda huko lingefaa kuvaa hivyo. La kubeba nazi litapigwa na mawe. Jiwe likitoboa ile ngozi ngumu, maji hutambaa chini yake kimya kimya, na ngozi inaonekana nzima.

Tuliyoichagua kwa nje ni epoksi, ile ya mikebe miwili. Mkebe mmoja una rangi, wa pili una kigumishi, na haziwi kitu mpaka zichanganywe. Haikauki kama rangi za kawaida kwa thina kuruka hewani. Viungo viwili hushikana kikemia vikawa kitu kimoja kigumu. Hushika chuma barabara, hupitisha unyevu kidogo sana, na zipo aina zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma kilichosafishwa kwa mkono kama chetu. Udhaifu wake ni jua, ambalo huifanya ichujuke na kutoa unga. Uvunguni hakuna jua la kutisha, na rangi ya juu huikinga.

Tuliyojifunza katika kuipaka ni haya. Vipimo vya kuchanganya havikisiwi kwa macho; ukizidisha kigumishi ukitaraji ikauke upesi, utapata rangi isiyokomaa. Ukishachanganya, saa imeanza kukimbia, na joto letu la Mombasa huifanya igande upesi zaidi, kwa hivyo tulichanganya kidogo kidogo katika vikopo vya maziwa. Kwenye vishimo vyenye kutu tulitumia kwanza dawa ya asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu kuwa fosfeti nyeusi, kisha tukaiosha na kuikausha, maana mabaki ya asidi huizuia epoksi isishike. Kwenye kingo kali na mishono ya kuchomelea, rangi hujivuta na kubaki nyembamba, na kutu huanzia hapo. Basi kila ukingo tuliupaka peke yake kwa brashi ndogo kabla ya kupaka chesisi nzima. Na tabaka la kwanza lilikuwa jekundu, la pili kijivu, ili ukiona wekundu ujue hapa brashi haikupita. Hilo la rangi mbili lilikuwa wazo la fundi, na naliona ni la werevu kuliko yote niliyoyasikia pale.

Kulikuwa na fundi wa rangi aliyetaka kutupulizia politani ya mikebe miwili juu yake, inayong'aa kama kioo. Rangi hiyo ni imara kweli, lakini kigumishi chake kina isosayaneti, kemikali inayoharibu mapafu, na barakoa ya karatasi haiizuii. Mpulizaji anastahili kupumua hewa inayoletwa kwa bomba kutoka mbali. Banda letu halina hata ukuta wa nne, na jirani ni mama mntilie. Tukakataa, tukatumia rangi ya kawaida ya mafuta kwa brashi.

Na ya rangi gani? Hapa ubishi ulipamba moto. Mjomba alitaka nyeusi, kwa kuwa chesisi ni nyeusi, na baba wa baba yake hajaona chesisi ya rangi nyingine. Fundi akapendekeza kijivu cheupe.

"Kijivu? Watu watanicheka kwenye feri!"

"Mzee, nyeusi huficha. Kutu ikianza kulia juu ya kijivu, utaona chozi lake siku hiyo hiyo. Ufa wa chuma nao utauona. Wewe wabeba watu juu ya nazi, nawaona."

Mjomba alitia udi sikio, kama asemavyo mama, kisha akatoka nje kuvuta sigara. Aliporudi alisema tu, "Haya, kijivu." Mimi naamini hilo lilikuwa uamuzi mkubwa kuliko ule wa epoksi.

Imebaki ndani ya boksi, ambamo ugonjwa ulianzia. Ndani hamkwanguliki wala hamuoshwi vizuri, kwa hivyo rangi ngumu haifai. Itashika tope na kubanduka nalo. Kinachofaa ni kitu kinachobaki laini, kinachopenya na kutambaa. Viwandani hutumia nta ya maji maji, au mafuta ya lanolini yatokayo kwenye sufi ya kondoo. Niliposikia hivyo nikawakumbuka mafundi wa majahazi. Wazee wetu wa pwani walizipaka mbao za vyombo sifa, yaani mafuta ya papa, na chini kwenye maji wakapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Hawakudhani wamepaka mara moja wakamaliza. Chombo kilipandishwa pwani maji yakipwa, kikakwanguliwa, kikapakwa upya, mwaka baada ya mwaka. Mpako wa ndani ya chesisi ni wa ukoo huo, mpako wa kurudiwa.

Tulinyonya tope la ndani kadiri tulivyoweza kwa bomba la maji na waya mrefu, tukaiacha chesisi juani siku nne, kisha tukapuliza nta kwa kompresa kupitia mpira mwembamba wenye matundu ubavuni, tukiingiza mpaka mwisho na kuuvuta polepole. Ilianza kudondoka kwenye mishono ambayo hatukujua ina nyufa, nasi tukafurahi kuiona, kwani nta inapotokea, maji nayo yalikuwa yakipita. Vile vyuma vinavyokingama kati ya boksi mbili, ambavyo mimi nimeviita mataruma kama mbavu za jahazi, vilipewa zamu yao kimoja kimoja.

Jambo moja tu lililokatazwa ni kuziba matundu ya chini. Aliyeunda chesisi aliyaweka ili maji yatoke, na aliyepaka lami alikuwa ameyaziba yote manane. Sasa yako wazi. Gari lilirudi kazini wiki ya pili ya muhula, na kila Jumamosi baada ya soko mjomba huniita na waya wa spoki ya baiskeli. Tundu la nyuma kushoto, lililo nyuma ya gurudumu, ndilo linalojaa tope kwanza. Hulizibua hilo, nikasubiri maji yadondoke, ndipo nikaenda kwenye la pili.